Sarafu za Vita Zimehesabiwa. Na Watu Je?

(Mazungumzo ya redio juu ya amani. Yameandikwa kwa ajili ya vikundi vya kusikiliza na kuzungumza pamoja.)

 

Leo tunazungumza juu ya kitu kidogo kinachoweza kukaa katika kiganja cha mtoto: vipande vya chuma vilivyofanywa haraka wakati wa vita ili kuchukua mahali pa feza ya kawaida. Katika inchi nyingi kuna watu wanaovitafuta na kuvikusanya. Wanavipanga katika sanduku, wanaviangalia kwa kioo cha kukuza, wanaandika tofauti ya kimoja na kingine.

Pengine utaniuliza: mimi niliyekimbia na godoro kichwani na mtoto mgongoni, nina kazi gani na sarafu za zamani? Swali lako ni la haki. Nataka kukuonyesha jambo moja tu. Kulikuwa na vita kubwa katika sehemu yetu hii ya Afrika, zaidi ya miaka mia iliyopita. Vita ile iliacha hesabu kamili ya vipande vyake vya dhahabu, mpaka kipande cha mwisho. Lakini watu wetu waliobeba mizigo ya vita ile hawakuhesabiwa hivyo. Ukilielewa jambo hili, utaelewa pia kwa nini tunakuomba uandike majina leo.

1. MANENO TULIYO NAYO KINYWANI

Tuanze na maneno yetu wenyewe. Jirani zetu wa Tanzania wakitaja feza husema «hela». Warundi husema «amahera», na wazee wa Rwanda pia. Neno hilo limetoka kwa Wadachi, ambao wengine huwaita Wajerumani. Walipotawala inchi za Tanganyika, Rwanda na Burundi, sarafu yao kubwa iliitwa rupia. Tangu mwaka 1904 rupia moja iligawanyika katika sarafu ndogo 100 zilizoitwa heller. Ulimi wa watu ukaigeuza heller kuwa hela. Mbele ya hapo rupia ilikuwa na pesa 64, na neno «pesa» nalo limebaki kwetu.

Utawala ule ulikwisha zamani, lakini jina la sarafu yake ndogo lingali sokoni. Ndiyo kusema kitu kidogo kinaweza kushika kumbukumbu kuliko jumba kubwa la serikali.

2. NAMNA FEZA ILIVYOKAUKA

Mbele ya vita, Wadachi hawakufanya sarafu hapa Afrika. Zilitengenezwa kwao, Berlin na Hamburg, zikaletwa kwa meli. Kila kiwanda kilitia herufi yake ndogo juu ya sarafu: A kwa Berlin, J kwa Hamburg. Uishike habari ya herufi hizo, tutaihitaji.

Vita ilianza mwaka 1914. Mapema mwaka 1915 manowari za Waingereza zilifunga bahari mbele ya pwani ya Tanganyika. Meli chache sana zilipenya. Sarafu mpya hazikuja tena, na karatasi za benki vilevile. Lakini serikali ya vita ilipaswa kulipa askari, wapagazi, na wakulima waliouza unga na ng'ombe.

Na wewe unajua mambo yanavyokuwa vita inapokaribia. Mwenye feza nzuri huificha. Watu walizika rupia zao za feza nyeupe chini ya nyumba, wakizingojea siku za usalama. Sokoni kukakosekana sarafu za kurudishia. Mama anayeuza chumvi hana cha kumrudishia mnunuzi. Mnunuzi hana kipande kidogo cha kulipa. Biashara ndogo ikashikwa na kifafa, ingawa chakula kilikuwapo.

3. KARAKANA YA RELI YA TABORA

Reli ya katikati kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 na Kigoma, juu ya ziwa Tanganyika, mwaka 1914. Pale Tabora kulikuwa na karakana ya kutengeneza vyombo vya reli. Mwaka 1916 Wadachi waliigeuza karakana hiyo kuwa kiwanda cha sarafu. Mashine zilizozoea kazi ya vyuma vya reli zikaanza kugonga feza. Herufi waliyoitia ilikuwa T, maana yake Tabora.

Walitoa namna tatu. Ya kwanza ilikuwa hela 5, ya shaba ya manjano. Ya pili ilikuwa hela 20, nyingine za shaba ya manjano, nyingine za shaba nyekundu. Hizi zilitoka kwa wingi, zaidi ya milioni moja. Upande mmoja zina taji, herufi D, O na A, mwaka 1916 na ile T. Upande wa pili zina hesabu 20 na neno HELLER. Shaba yake ilitafutwa popote ilipopatikana, hata maganda ya risasi yaliyokwisha kupigwa yaliyeyushwa.

Namna ya tatu ilikuwa ya dhahabu: rupia 15, iliyolingana na mark 20 za Udachi. Dhahabu yake ilitoka katika machimbo ya Sekenke, upande wa Singida. Kila kipande kilikuwa na uzito wa gramu 7 na kidogo, na robo tatu ya uzito huo ilikuwa dhahabu safi. Upande mmoja kuna tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Upande mwingine kuna tai wa utawala wa Wadachi. Mihuri ya chuma ya kugongea ilichongwa na sonara wa kabila la Wasinhala, mtu wa kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka.

Fikiria kidogo. Mtu wa Ceylon anachonga, katika karakana ya reli, kwa amri ya Wadachi, dhahabu ya Singida, juu yake tembo wa Afrika. Na majeshi ya adui yanakaribia. Kazi ile ilifanywa kwa haraka, na haraka ndiyo iliyozaa tofauti ambazo watu wanazitafuta mpaka leo.

4. TOFAUTI NDOGO ZINAVYOSEMA

Kiwanda kikubwa cha Ulaya kilifanya sarafu milioni, zote sura moja. Karakana ya Tabora haikuweza. Muhuri ulipasuka, wakachonga mwingine kwa mkono, na mkono haurudii kitu sawasawa.

Kwa hiyo mwenye kukusanya akishika hela 20 ya Tabora, haridhiki kuona mwaka 1916. Anaangalia taji: ni kubwa au ni dogo? Anaangalia herufi L mbili katika neno HELLER: ncha zake zimechongoka, au zimepindika? Anaangalia chuma: ni ya manjano au nyekundu? Akishika hela 5, anaangalia kitako cha taji kama ni cha mviringo au kimenyooka, na unene wa kipande chenyewe.

Katika rupia 15 za dhahabu tofauti inayojulikana zaidi ni ndogo mno. Kando ya tai kuna pambo lililopindika kama ncha ya mmea. Katika vipande vingine ncha ya pambo la kuume inakoma chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA. Katika vingine inakoma chini ya herufi A inayofuata. Ni nafasi ya upana wa uzi tu! Na hesabu yake inajulikana: vipande 9,803 vya sura moja na vipande 6,395 vya sura nyingine. Jumla ni vipande 16,198.

Mimi sicheki watu hawa. Kazi yao ni kazi ya ushahidi. Tofauti ile ndogo inaonyesha kwamba muhuri ulibadilishwa, na hivyo inaonyesha jinsi kazi ilivyokwenda na jinsi vifaa vilivyochoka. Pia inasaidia kumkamata mdanganyifu, kwa sababu dhahabu ya Tabora imeigwa mara nyingi, na anayeiga mara nyingi huchanganya alama za muhuri mmoja na za muhuri mwingine. Katika sheria tunafundishwa hivyo hivyo: shahidi mzuri anataja alama ndogo ambazo mwongo hakuzifikiria.

5. KARATASI ZILIZOPIGWA MUHURI MSITUNI

Chuma hakikutosha. Tangu mwaka 1915 mpaka 1917 Wadachi walitoa pia feza za karatasi za muda. Katika hizo kuna makumi ya aina, maana karatasi ilibadilika rangi na unene kufuatana na ile iliyopatikana, tarehe zilibadilika, herufi za mfululizo zilibadilika, na waliotia sahihi walikuwa wengi. Mwaka 1917, walipokuwa wanakimbia kutoka mahali mpaka mahali, walitoa karatasi za rupia 1, 5 na 10 zilizopigwa kwa herufi za mpira, kama muhuri wa ofisi ndogo. Wakusanyaji wanaziita «karatasi za msituni».

Hapa mwanasheria anauliza swali lake. Karatasi ya feza ni nini? Ni ahadi. Inasema: mwenye karatasi hii atalipwa. Lakini aliyetoa ahadi anakimbia, na mji wake unachukuliwa na mwingine. Mkulima aliyetoa gunia la unga akapewa karatasi amebaki na nini? Amekopesha vita bila kuulizwa. Sarafu ya shaba angalau unaweza kuiyeyusha ukafanya bangili. Karatasi ya serikali iliyokimbia ni majani ya kuwashia moto.

Ndugu, wengi wenu mnajua habari hiyo bila kusoma historia. Mmewahi kupewa karatasi, «utalipwa baadaye», kwa ajili ya mbuzi, kwa ajili ya pirogi, kwa ajili ya siku tatu za kubeba mizigo. Vita hulipa kwa ahadi kila inapoweza.

6. WATU WETU WALIOFIKA TABORA

Sasa tufike kwa watu wetu. Nani aliichukua Tabora? Ni askari wa Force Publique, karibu wote Wakongomani, chini ya maofisa Wabeleji walioongozwa na jenerali Tombeur. Mwaka 1916 kundi moja lilipita kaskazini ya ziwa Kivu, kundi lingine upande wa Ruzizi na Burundi. Walifika Kigali mwezi wa Mei, Kigoma mwishoni mwa Julai. Tarehe 19 Septemba 1916 waliingia Tabora, na ile karakana ya sarafu ikawa mikononi mwao. Mwaka 1917 Wabeleji waliuacha mji ule kwa Waingereza.

Baadaye Tombeur alifanywa mkubwa wa heshima katika inchi yake, na jina la Tabora likaunganishwa na jina lake. Naye ana nguzo ya ukumbusho huko Brussels.

Lakini jeshi haliendi kwa miguu ya askari peke yake. Njia zile hazikuwa na magari. Unga, risasi, dawa, mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, vyote vilipanda milima ya Kivu na Rwanda juu ya vichwa na mabega ya watu. Inakadiriwa kwamba katika vita ile yote Wakongomani 260,000 hivi walifanywa wapagazi. Wengine walibeba siku chache, wengine miezi. Wengi walichukuliwa kwa nguvu na mashefu walioagizwa kutoa watu. Njaa, baridi ya milima, kuhara na homa ya mapafu viliwaua kuliko risasi.

Sikiliza sasa hesabu mbili, moja kando ya nyingine. Dhahabu ya Tabora: vipande 16,198, nasi tunajua pambo la kila muhuri linakoma chini ya herufi gani. Wapagazi wa Kongo: «260,000 hivi». Na juu ya waliokufa, vitabu havipatani. Kipande cha chuma kina mwaka, mji na alama. Baba wa watoto watano aliyeanguka na gunia njiani hana hata herufi moja.

Si kwamba chuma kilipendwa na mtu akachukiwa na kila mwandishi. Sababu ni ya kawaida zaidi, na kwa hiyo inatisha zaidi. Dhahabu ilikuwa na mwenye kudai hesabu yake. Mpagazi hakuwa na wa kumdai, maana aliyemchukua hakutaka deni, na waliompenda hawakuwa na karatasi wala kalamu.

7. KISAHANI CHA SHINGONI

Upande wa Waingereza nao walichukua wapagazi, mamia ya maelfu, katika Kenya, Uganda, Tanganyika na mahali pengine. Kambi zao ziliacha majina: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni jina la kikosi cha wapagazi lililogeuzwa na ulimi wetu. Baada ya vifo vingi na machafuko ya majina, Waingereza waliwavika wapagazi kisahani cha chuma chenye nambari shingoni. Hicho nacho ni kipande cha vita, nacho kinatafutwa na wanaokusanya.

Je, kisahani kilitosha? Hapana. Nambari bila jina lililoandikwa vizuri, bila kijiji, bila jina la baba, haimfikishi mtu kwao. Vita ilipokwisha, mishahara ya wengi waliokufa au kupotea haikufika kwa jamaa zao, kwa sababu ilisemekana wenyewe hawapatikani. Palikuwa na mabishano ya miaka mingi juu ya feza ile, hata wengine wakaomba itumiwe kwa faida ya watu wa Kenya. London ilikataa.

Kwa hiyo tunaona hatari mbili. Kwa watu wetu wengi, mtu hakuandikwa kabisa. Kwa wale wa Waingereza, mtu alifanywa nambari. Mjane wa hapa na mjane wa kule walibaki mikono mitupu.

8. KWETU LEO

Sasa tazama vitu ulivyo navyo katika mfuko wako wa plastiki. Jetoni ya kugawia unga. Karte ya mgawo. Karatasi ya zahanati. Kipande cha daftari ambacho shefu wa kijiji alikutilia sahihi juu ya mpaka wa shamba lako. Wengi huvitupa siku ya kurudi nyumbani. Wengine huuza jetoni kwa falanga kidogo, na baadaye mwingine anakula kwa jina lao.

Mimi nasema: vitu hivyo ni sarafu za vita yenu. Vishikeni kama ushahidi. Katika sheria, anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha. Siku mtakaporudi na kukuta mtu mwingine analima shamba, machozi yako yatamgusa hakimu, lakini hakimu atauliza: una nini? Mtu mwenye karatasi iliyochanika anasimama mahali pazuri kuliko mtu mwenye hasira peke yake. Tena mtu asiye na ushahidi, mara nyingi kijana wake humwambia, «Baba, tutumie panga.» Hapo vita ndogo inaanza tena.

Kwa hiyo nawaomba mambo haya.

Kwanza, kila jamaa iandike majina ya watu wake: jina, jina la baba na la mama, mwaka wa kuzaliwa, kijiji cha asili, siku ya kukimbia. Aliyekufa njiani aandikwe pamoja na mahali alipozikwa na jina la mtu aliyeona. Kama hujui kuandika, mwite kijana wa shule, naye asome mbele yako yale aliyoyaandika.

Pili, mtoto aliyezaliwa katika ukimbizi ni mtu kamili. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema mtoto aandikishwe kwenye ofisi ya serikali ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa. Mashefu wa komini na wa kijiji, wakumbusheni wazazi. Mtoto asiyeandikwa ni ile sarafu isiyo na herufi ya mji: kesho wataambiana ametoka wapi.

Tatu, viongozi, kila mnapochukua kitu au kazi ya mtu kwa ajili ya usalama wa wote, mwandikieni: nini, kiasi gani, siku gani, mbele ya nani. Nakala moja ibaki kwake. Hata kama hamna feza ya kulipa leo, deni lililoandikwa ni heshima. Deni lililofichwa huwa kisasi.

Nne, jihadharini. Orodha ya majina inaweza kulinda, na inaweza kuua. Hapa jirani, Rwanda, karte za utambulisho zilikuwa zinaandikwa kabila tangu wakati wa Wabeleji, na mwaka 1994 zilitumiwa kwenye vizuizi vya njia kuchagua nani afe. Kwa hiyo katika daftari zenu msiandike kabila. Andikeni mtu, jamaa yake na kijiji chake. Nakala zisikae kwa mtu mmoja. Moja iwe kwa baraza, nyingine kwa watu wa dini au kwa mama waliochaguliwa, na pasiwe mtu wa kuichukua bila wengine kujua.

9. KAMA UNA KIPANDE CHA ZAMANI NYUMBANI

Wengine wenu mna sarafu za babu. Ukiwa na kipande cha shaba ya manjano chenye pembe sita, chenye tembo na mwaka 1943, ujue ni falanga 2 za Kongo ya Wabeleji. Nacho ni mtoto wa vita. Ubeleji ulikuwa umekaliwa na Wadachi tangu Mei 1940, sarafu hazikuweza kutoka Brussels, na hizo ziligongwa Philadelphia, Marekani. Ukiona taji, mwaka 1916 na herufi T, umeona kazi ya Tabora.

Usiisugue kwa mchanga wala kwa ndimu. Ukisugua unafuta alama. Usiitoboe. Mbele ya kuiuza, uliza watu wawili au watatu, na andika habari yake: ilikuwa ya nani, ilifikaje kwenu. Kwa kweli habari hiyo ndiyo mali ya jamaa. Babu aliyerudi na hela kutoka Tabora pengine alikuwa askari, pengine mpagazi. Waulize wazee leo, maana kesho ni mbali.

Na hili mlishike sana, hasa vijana: vyuma vya vita za karibuni si vya kukusanya. Kitu cha chuma usichokijua, kilichoko shambani au kando ya njia, usikiguse, usikipige teke, usikipeleke kwa muuza vyuma. Weka alama kwa mbali, rudi kwa njia uliyojia, mwambie shefu. Na ukikuta mifupa ya watu pamoja na vitu vyao, usichukue kitu. Kile kifungo au kile kisahani pengine ndicho kitakachomrudishia mtu jina lake.

Ndugu zangu, vita ya mwaka 1916 ilikwisha, na waliobeba mizigo yake wameondoka wote duniani. Hatuwezi tena kuwaandika mmoja mmoja. Lakini wewe uko hai, jirani yako yuko hai, na kalamu ipo. Jioni ya leo, mbele ya kulala, jamaa iketi pamoja na ianze na jina la mkubwa mpaka la mtoto mchanga, bila kuwaacha waliobaki njiani.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu nani ana karatasi, jetoni au kitu kingine kinachoonyesha alikotoka? Tutakilindaje na mvua, moto na wezi?

2. Je, kuna watu wa kijiji chetu waliochukuliwa kubeba mizigo, au waliotoa mali, bila kuandikiwa kitu? Nani aliona?

3. Watoto wangapi wamezaliwa tangu tulipokimbia? Wangapi wameandikishwa?

4. Nani atashika daftari ya majina, na tutajuaje kwamba haitatumiwa vibaya?

5. Kama jamaa mbili zinagombania shamba moja, ni alama gani ndogo ambazo mwenyewe wa kweli tu angeweza kuzitaja?

 Mkimaliza, mpeni jirani karatasi hii.